Mkazo wa Mama

Wapo walioapa kwamba Mzee Kaza aliwahi kufunga tingatinga juu ya tela, lori likapinduka mtoni, likakaa siku mbili magurudumu juu, na lilipotolewa tingatinga lilikuwa palepale alipolifunga, limejaa tope na vyura lakini halijasogea hata upana wa kidole. Wengine waliongeza kwamba mwisho wa safari lilikataa kushuka mpaka Mzee alipoletwa kulibembeleza. Hilo la kubembeleza alilisimulia mwenyewe, kwa hiyo lipunguzwe chumvi. Lakini kwamba kwa miaka thelathini na moja hakuna mnyororo wake uliowahi kulegea njiani, hilo halikuhitaji chumvi. Jina la Kaza hakujipa. Alipewa.

Kwenye yadi ile ya kukodisha mashine kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chochote. Mfungaji akishakaza mnyororo mpaka ukanyooka kama fimbo, akishaupiga kwa kiganja akasikia umeitika vizuri, alirudi kwenye mkono wa kukazia akauvuta mara moja zaidi, kwa nguvu za mwisho alizobakiwa nazo, na wote waliokuwa karibu wakaitikia: "Wa mama!" Maana yake dereva ana mama yake nyumbani, na mkazo huo wa ziada ndio utakaomrudisha kwake. Aliyeanzisha jambo hilo ni Mzee Kaza. Alilianzisha kwa mzaha, kama alivyoanzisha mengi, likashika. Mfanyakazi mpya alifundishwa wa mama kabla hajaonyeshwa choo.

Asubuhi hiyo Mzee aliamka akijua kwamba anakwenda kumfunga twiga.

Twiga ndilo jina walilolipa yadini lile jimashine la kunyanyua mafundi: chini magurudumu manne, juu yake mnara unaozunguka, kwenye mnara shingo ndefu ya chuma, na mwisho wa shingo kikapu cha kusimama watu wawili. Yadi ilikuwa na twiga wanne. Huyu wa leo alikuwa amelala pembeni miezi minane, amezungushiwa utepe wa wachunguzi, kwa sababu kikapu chake kilikatika kikiwa juu ya paa la ghala, kikaanguka na mafundi umeme wawili. Mmoja alikatwa mguu hospitalini. Wa pili alifariki kabla ya kufikishwa. Huyo wa pili alikuwa mkwewe Mzee Kaza, mume wa binti yake wa pekee.

Binti alikuwa jikoni, mgongo wake umeelekea mlango. Tangu mazishi alirudi kuishi kwa baba yake, yeye na mwanawe wa miaka minne, wakalala chumba kilekile alichokua ndani yake.

"Baba, ni leo?"

"Ni leo."

"Na wakishalikata?"

"Limekatwa, mwanangu. Linayeyushwa. Huenda mwakani tukalinunua dukani likiwa sufuria." Alisema hivyo kwa mazoea ya mdomo wake, na papo hapo akatamani angeurudisha ulimi.

Binti hakucheka wala hakukasirika. Alijifuta mikono, akatoa karatasi kwenye kopo la chumvi tupu alimoificha. Mzee aliijua. Mkwewe alikuwa mtu wa mizani. Alitembea na mizani ndogo ya ndoano mfukoni kama wenzake wanavyotembea na kitana. Alipima nyanya ambazo muuzaji amekwisha kuzipima. Alimpima mtoto wake wa siku tatu ndani ya shuka, akamrudia mkunga kumwambia kwamba hesabu yake imepungua gramu hamsini. "Wewe mkwe," Mzee alizoea kumtania, "siku ya hukumu utawanyang'anya malaika mizani." Na mkwe alijibu, kwa heshima kabisa, "Nitawaomba tu niikague, baba."

Kwenye karatasi, kwa mkono wake, siku aliyokufa: *Mimi 74. Mwenzangu 68. Vyombo 19. Waya 46. Jumla 207. Mwisho wa kikapu 230.*

Wachunguzi waliitazama wakasema karatasi hubeba chochote inachoandikiwa. Ripoti yao ilikuwa na sentensi moja iliyokaa katika nyumba ile kama mgeni asiyeaga: kikapu kilikatika kwa kuzidishiwa uzito na fundi aliyekuwa juu. Mwenzake aliyepona hakukumbuka kitu. Na mama yake huyo mwenzake alikuwa na nyumba ya kona, mwanzo wa mtaa. Kila binti alipopita kwenda sokoni, yule mama aliinua kiti chake, akakiingiza ndani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kapita mke wa mkata miguu."

"Baba," binti alisema, "wewe unazijua mashine hizi kuliko wale wenye kalamu. Unapolifunga, liangalie. Kama kweli alizidisha, niambie, nitulie, nimlaumu nimalize. Kama hakuzidisha, niambie pia. Baada ya leo hakuna wa kumuuliza."

"Nitaliangalia."

"Uniambie lolote."

"Nimesema nitaliangalia, mama." Alimwita mama, kama alivyomwita alipokuwa mdogo, akachukua kofia yake akatoka.

Ukweli ni kwamba hakuhitaji kuangalia chochote. Siku mbili kabla ya ajali, aliyemfunga twiga yule kumpeleka ghalani alikuwa yeye. Kanuni anaijua kila mfungaji: mwili wa mashine hufungwa kwa minyororo kwenye masikio yake ya chuma, lakini shingo huwekwa mkanda mpana wa kitambaa, tena kwa kiasi, kuizuia tu isirukeruke. Kikapu hakiguswi na mnyororo. Siku hiyo mkanda ulikuwa umechanika na mvua ilikuwa inakuja. Mzee alichukua mnyororo, akaupitisha kwenye bano linaloshika kikapu, akauvutia upande wa kushoto, aliposimama, akakaza. Kisha akavuta mara moja zaidi. Watu wakaitikia wa mama. Katikati ya kelele zao akasikia *tik*, kama mtu aliyevunja kijiti cha kiberiti.

Alijiambia ni pingili ya mnyororo imejikalia vizuri. Aliposikia habari ya ajali alijiambia tena. Alijiambia makaburini akiwa ameshika koleo. Kwa miezi minane alijiambia, na kila alipojiambia alikisikia kile kijiti kikivunjika.

Yadini lori lilikuwa tayari, na kando yake dereva, aliyeitwa Taratibu kwa sababu ilisemekana konokono aliwahi kumpigia honi.

"Mzee wangu, umelala wewe?"

"Nimelala. Usingizi ndio haukulala."

Bosi, kijana aliyerithi yadi kwa baba yake na simu mbili kwa nafsi yake, alitokeza dirishani. "Wazee, wakata vyuma wanafunga saa kumi! Mpakieni twende!"

Hawakumpakia haraka. Walilipeleka tela mahali palipo tambarare kabisa, na Mzee akamwaga maji ya chupa sakafuni mwa tela kuona kama yatakimbilia upande wowote. Breki zikafungwa, kabari zikawekwa chini ya magurudumu ya tela, ngazi za kupandia zikashushwa, akazikanyaga moja moja, huku na huku. Kwa kuwa twiga alikuwa mfu, hana betri, ilibidi avutwe kwa winchi. Taratibu alishika winchi. Mzee alisimama mbele kwa pembeni, mbali na waya wa kuvutia, kwa sababu waya ukikatika hauulizi umri, akaongoza kwa mikono. Njoo. Njoo. Simama. Kidogo kushoto. Njoo.

"Mzee, hicho ni chuma chakavu!" Bosi alipaza sauti. "Mnakipandisha kama mayai!"

"Chakavu kikianguka barabarani kinaua kama kipya," Mzee alijibu bila kugeuka.

"Na mazishi hayana bei ya chakavu," Taratibu aliongezea, kwa sauti ya chini iliyomtosha mwenyewe.

Twiga alipokaa katikati ya tela, Mzee aliweka kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu. Alichomeka pini ya mnara, ile inayozuia mnara usizunguke, maana bila hiyo kona ya kwanza tu shingo hugeuka ikafagia barabara na walio barabarani. Akafunga minyororo minne, kila pembe na sikio lake. Kikapu chenyewe, kilichobondeka kama kopo lililokanyagwa, kilikuwa kimefungwa peke yake nyuma. Ikabaki shingo. Akapanda na mkanda wa kitambaa begani mpaka mwisho wake, mahali pa bano lililokatika, na hapo akapiga magoti.

Bano lilikuwa limepinda, na limepinda kushoto. Uzito ungelivuta chini, kwa sababu uzito haujui njia nyingine. Wachunguzi waliona mpindo wakadhani ni wa kuanguka. Lakini kwenye ukingo wake kulikuwa na mbonyeo tatu, zimeng'ata rangi mpaka chumani, zimepangana kwa nafasi sawa. Mzee alichukua ncha ya mnyororo wake, ule ule wa miaka yote, akaiweka juu ya mbonyeo zile. Pingili zikaingia kama meno kwenye ufizi wake.

Alikaa pale muda mrefu hata Taratibu akapanda kumtazama. Taratibu aliona mnyororo, akaona bano, akaona uso wa Mzee. Alikuwa mmoja wa walioitikia siku ile. Aliuchukua mkanda begani mwa Mzee, akaupitisha juu ya shingo mwenyewe.

"Kaza wewe," alisema. "Mimi nitauvuta ovyo."

Mzee alikaza kwa kiasi, mpaka shingo ikatulia.

"Umeitika?"

"Umeitika."

"Na wa—" Taratibu aliuma mdomo. Wakashuka.

Baada ya kilomita chache walisimama pembeni mwa barabara, maana mzigo huangaliwa tena ukishatikiswa kidogo. Mzee alizunguka tela, akagusa kila mnyororo. Yote ilikuwa sawa. Alirudi kwenye kabini akakaa na mlango wazi, miguu nje.

"Nilisikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Siku ile. Bano lilipolia. Mlipokuwa mnapiga kelele, mimi nilisikia."

Taratibu alizima injini. Magari yalipita, kila moja likilitikisa lori kidogo. "Sasa ulipoulizwa na wale watu, ulisema nini?"

"Nilisema niliifunga kama ninavyofunga siku zote."

"Hukusema uongo."

"Ndiyo ubaya wake."

Taratibu alikuna kidevu. Alikuwa na tumbo lililogusa usukani na moyo usiojua pa kujificha ndani ya mwili wote ule. "Mzee wangu, nikwambie kama ndugu. Kwa wakata vyuma ni mbele hapo, robo saa, kwa mwendo wangu nusu saa. Ukinyamaza, saa kumi hakuna bano, hakuna alama, hakuna kesi. Mkweo amekwisha kuzikwa. Wewe unabakiwa na binti anayekupikia na mjukuu anayekuita Babu. Ukisema, sijui utabaki na nini. Mimi dereva tu. Niambie niende wapi."

Mzee alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya kusifiwa, mipana, yenye makovu ya kila mnyororo. "Yule mama wa kona humwita mke wa mkata miguu," alisema. "Anapita ameinamisha kichwa. Mwanangu hakuinamisha kichwa hata alipokuwa akijifunza kutembea. Geuza gari."

Taratibu hakugeuza mara moja. Alishuka na ufito wa kupimia, akapima urefu toka ardhini hadi sehemu ya juu ya mnara, akaapa kwamba waya za umeme za mtaa wa Mzee zimelala kama kamba za kuanikia nguo na kwamba hatakubali kuua mtaa mzima kwa ajili ya ukweli. Kwa hiyo hawakuingia mtaani. Walisimama mwanzoni mwake, palipo wazi, na hapo pa wazi palikuwa mbele ya nyumba ya kona.

Ilikuwa saa nane mchana. Yule mama alikuwa kwenye kiti chake. Alipoona twiga juu ya tela alisimama, akashika ukuta. Watu wakaanza kutoka, kwanza mmoja mmoja, kisha kama nyuki. Mzee alimwomba mtu amwite binti yake, naye akaja akikimbia, kiganja kimoja bado kina unga.

"Baba? Umeangalia?"

"Panda, mwanangu. Na wewe mama, nakuomba, panda."

Yule mama alisema hapandi popote na ukoo huo. Lakini Taratibu alikuwa ameshashusha ngazi na kumpa mkono, na mtu mzito namna ile akimpa mtu mkono ni vigumu kuukataa. Wanawake wawili wakasimama juu ya tela, mmoja upande huu wa shingo na mwingine upande ule, bila kutazamana. Mzee alipiga magoti kwenye bano.

"Hapa ndipo kilipokatika," alisema. "Oneni. Uzito huvuta chini. Hapa pamevutwa kushoto. Na hizi alama tatu, si za kuanguka." Akachukua mnyororo, akauweka. Pingili zikaingia.

Watu wa chini hawakuelewa. Binti alielewa. Alikuwa amekua akicheza na pingili zile.

"Huu ni mnyororo wako," alisema.

"Ni wangu. Mumeo hakuzidisha kitu. Karatasi yake ni ya kweli mpaka kilo ya mwisho. Mimi nilikiumiza kikapu kwa kukaza pasipotakiwa kukazwa, naye akapanda akijua kila uzito isipokuwa huu." Akamgeukia yule mama. "Mguu wa mwanao niliukata mimi."

Yule mama alikaa chini pale pale juu ya mbao za tela, kama mtu aliyebeba ndoo toka mbali akaambiwa si yake.

"Umegundua leo," binti alisema. Hakuwa anauliza. Alikuwa anamwombea.

Mzee angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa pale mdomoni, na mdomo ule ulikuwa umezoea mengi mazito kuliko hilo. "Hapana," alisema. "Nilisikia kikivunjika nilipokuwa nakaza. Sikusema, kikapandwa."

"Makaburini ulijua?"

"Nilijua."

"Nilipokuuliza asubuhi?"

"Nilijua, mama."

"Usiniite mama."

Alishuka bila kushikwa mkono. Alikwenda hatua kumi, akasimama, akarudi, akamshusha yule mama wa kona ngazi kwa ngazi, akimwambia akanyage wapi, akampeleka mpaka kwenye kiti chake. Yule mama hakuuachia mkono wake. Walibaki hivyo, na hakuna kati yao aliyetazama lori.

Twiga hakukatwa siku hiyo. Mzee alimrudisha yadini, akaandika maelezo yake kurasa mbili, akaweka sahihi, akakabidhi glavu zake kwa Bosi, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na simu hata moja mkononi. Wachunguzi walirudi na kamera. Ripoti mpya ilitoka baada ya wiki tano, na ile sentensi haikuwemo. Jina la mfungaji lilikuwemo, pamoja na maneno kwamba shauri lake litaitwa. Binti aliisoma kwa sauti kwenye baraza la nyumba ya kona, kurasa zote, pamoja na tarehe na nambari za mashine, na yule mama akamwambia arudie mahali palipoandikwa kwamba fundi hakuwa na kosa. Akarudia mara tatu.

Yadini waliacha kusema wa mama. Hakuna aliyekataza.

Binti alihama Jumapili asubuhi. Alipata chumba upande wa pili wa mji, karibu na dada wa marehemu. Kwa wiki hizo zote alikuwa akimpikia baba yake, akimwekea sahani mezani na kuifunika, akijibu akisalimiwa. Pikapu ya kukodi ilipokuja, Mzee alibeba godoro, akabeba sanduku, akabeba kiti kidogo cha mjukuu, akapanga kila kitu nyuma kwa akili, kizito chini, chepesi juu, cha kuvunjika katikati. Kisha akachukua kamba, akapitisha ncha yake kwenye pete ya pembeni.

"Acha," binti alisema. "Nitafunga mwenyewe."

Mzee aliiachia kamba. Akarudi nyuma hatua mbili, mikono yake imening'inia, haina pa kwenda.

Binti alifunga. Alivuta upande mmoja, upande wa pili ukalegea, akarudia, akamaliza kwa fundo la kufungia kamba za viatu. Mjukuu aliagwa, akapandishwa mbele, akamuuliza Babu kama anakuja na yeye leo au kesho. Babu akasema wewe tangulia.

Gari liliondoka. Lile fundo halikuwa fundo. Mzee aliliona tangu mwanzo, akajua kwamba kwenye matuta ya barabara kuu kamba itaachia, na sanduku la juu litatangulia. Hakuita. Alilifuata gari kwa miguu, kwanza polepole, kisha kwa kasi kadiri magoti yake yalivyokubali, akipita nyumba ya kona, akipita duka la mwisho, macho yake kwenye ile kamba, ili kitu kikidondoka awepo wa kukiokota.